Rushwa ya Kwenye Kioo na Rushwa ya Milimani

Wako wananchi wengi siku hizi ambao elimu yao juu ya rushwa huipata jioni, baada ya taarifa ya habari, mbele ya kioo cha televisheni. Michezo ya wapelelezi na wahalifu imekuwa mingi, na katika kila mfululizo hapakosi kipindi kimoja kinachomhusu mwanasiasa mla rushwa. Mpango wake unajulikana hata na watoto. Mtu ameuawa. Karani mmoja ametoweka na bahasha. Mheshimiwa anaonekana katika tafrija akitabasamu na kupeana mikono na matajiri. Mpelelezi, ambaye nyumbani kwake mwenyewe hakuna amani, anaonywa na mkubwa wake wa kazi aliache jambo hilo, naye hasikii. Kabla saa moja haijatimia mheshimiwa amekwisha kutiwa pingu mbele ya wapiga picha, na watazamaji wanakwenda kulala wameridhika.

Hatuandiki haya kwa dharau. Michezo hiyo ina kazi yake, na mingine imetengenezwa kwa ustadi. Zamani ilikuwa ya kutoka Ulaya na Marekani tu. Sasa jirani zetu nao wanatengeneza ya kwao. Mwaka 2021 Kenya ilitoa mfululizo uitwao Crime and Justice, ambamo wapelelezi wawili wa Nairobi hushughulikia kesi mpya katika kila kipindi, na kesi hizo zimebuniwa kwa kufuata mambo yaliyokwisha kuandikwa magazetini. Ni jambo la kheri kumwona Mwafrika akijitazama mwenyewe. Na wasomaji wetu wa Visiwani hawana haja ya kufundishwa namna ya kutazama televisheni, kwani Unguja ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya sabini, wakati Bara ilibidi kungoja hadi 1994.

Linalotushughulisha ni somo ambalo michezo hiyo huliacha nyuma yake. Mtazamaji anafundishwa kwamba rushwa ya kisiasa ina maiti, ina mkosaji mmoja, na ina mwisho. Anafundishwa pia kwamba atakayeifichua ni shujaa mmoja mwenye akili nyingi na bastola, na kwamba kazi ya wananchi waliobaki ni kungoja. Sisi tunaona kwamba somo hilo lina hatari, na hatari hiyo inaonekana vizuri zaidi mtu akiondoka mbele ya kioo akapanda milima ya Usambara.

Milima hiyo si migeni kwa watu wa Visiwani. Katika karne ya kumi na tisa Kimweri ye Nyumbai alitawala Shambaai kutoka mji wake wa Vugha hadi alipofariki mwaka 1862, na katika pwani ya Tanga na Pangani walikuwako wakuu waliopata uthibitisho wao kwake na kwa Sultani wa Unguja kwa pamoja. Leo uhusiano umebaki wa kapu na mizani: kabichi, karoti, viazi na matunda ya baridi ya Lushoto huteremka kwa barabara ya Soni hadi Mombo, na mengine huvuka bahari. Mama wa Darajani anayechagua kabichi sokoni anagusa kazi ya mkulima ambaye pengine hatamwona maisha yake yote.

Basi na tuanze na gunia. Kila mfanyabiashara wa mazao anaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inakataza. Viazi havitakiwi kupakiwa zaidi ya kilo 100 katika gunia, na Wakala wa Vipimo umelitangaza jambo hili mara nyingi. Hata hivyo kwa miaka mingi lumbesa imepita mchana kweupe, mbele ya maofisa wa kijiji, wa kata na wa wilaya, imepita vizuizi vya barabarani ambako ushuru ulikatwa kwa idadi ya magunia, na imeingia masokoni ambako pia kuna maofisa. Kile kilemba cha juu ni mali ya mkulima isiyolipwa. Hakuna mtu aliyeuawa. Hakuna bahasha iliyopotea. Hakuna mtengenezaji wa michezo ya televisheni atakayekubali kuutolea kipindi mzigo wa viazi. Lakini gunia haliwezi kupita vituo vyote hivyo na kilemba chake kichwani ila kuna watu kadhaa, kila mmoja katika nafasi yake, walioamua kutokuona.

Kutoka kwenye gunia twende kwenye kiwanda, kwa maana huko ndiko jambo linakokuwa la kisiasa waziwazi. Katika Halmashauri ya Bumbuli, wilaya ya Lushoto, kuna kiwanda cha chai cha Mponde. Kilikuwa mali ya Serikali, kikiwahudumia wakulima wadogo wa milimani. Mwaka 1999, katika wimbi la ubinafsishaji, kilipitishwa katika mikono ya chama cha wakulima wa chai wa Usambara, nacho chama kikaingia ubia na kampuni binafsi ili kukiendesha. Kwenye karatasi hapakuwa na mpango mzuri kuliko huo: mkulima awe mwenye kiwanda, na mwenye mtaji awe mshirika wake. Miaka ikapita. Wakulima wakaanza kulalamika juu ya bei, juu ya malipo yanayochelewa, juu ya hesabu wasizoonyeshwa, na juu ya viongozi wa chama ambao hawakujua tena ni nani aliyewachagua. Waendeshaji nao walikuwa na majibu yao. Mwezi Mei 2013 wakulima wakakifunga kiwanda. Mwezi Januari 2016 Serikali ikakitwaa, na baadaye kazi ya kukifufua ikakabidhiwa mifuko ya hifadhi ya jamii.

Hatukusudii kumtia mtu hatiani katika safu hii. Hiyo ni kazi ya vyombo vingine. Tunalotaka msomaji alipime ni jinsi hasara ilivyotokea. Jani la chai si kama kahawa, ambayo mkulima anaweza kuianika, kuiweka dari na kungoja bei ipande. Jani likichumwa lazima lifike kiwandani siku ile ile, likilala limeharibika. Kwa hiyo mwenye kiwanda ndiye mwenye bei, na kiwanda kikifungwa shamba zima hugeuka kuwa kichaka. Maelfu ya wakulima walikaa miaka wakiitazama michai ikirefuka hadi ikawa miti, au wakibeba majani yao mbali kutafuta kiwanda kingine. Ada za shule zilikuwa katika majani hayo. Kama pangekuwa na mpelelezi wa kwenye televisheni, angemtafuta nani? Pingu angemfunga nani? Ushahidi wa mambo ya Mponde ulikuwa katika mkataba wa mauzo, mkataba wa ubia, daftari la wanachama, mihutasari ya mikutano na leja za mizani. Ni karatasi ambazo mkulima wa kawaida hakupata kuziona, na kama angeziona huenda zisingekuwa katika lugha anayoisoma.

Washambaa wenyewe walikuwa na maneno ya kupimia utawala kabla ya Mzungu kufika. Walisema kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu nchi. Mtawala aliyeiponya nchi ni yule ambaye wakati wake mvua ilinyesha na chakula kilipatikana. Nchi iliharibika pale wenye nguvu walipogombana, kila mmoja akivuta kwake, na wenye njaa wakawa ni wale wasiokuwamo katika ugomvi. Mwanahistoria Steven Feierman amelieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake juu ya wasomi wakulima wa Usambara kilichotoka mwaka 1990. Tunaona kwamba kipimo hicho cha wazee kina akili kuliko kile cha televisheni, kwa kuwa hakiulizi kwanza nani afungwe, bali kinauliza nchi imekuwaje.

Pamoja na hayo, hatusemi kwamba televisheni haiwezi kufichua rushwa. Imewahi kufanya hivyo hapa hapa nchini, na mchezaji mkuu hakuwa mpelelezi. Tarehe 18 Julai 2011, Bunge likijadili makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini, Mbunge wa Kilindi katika Mkoa wa Tanga, Marehemu Beatrice Shellukindo, alisimama akasoma barua. Ilikuwa imeandikwa na Katibu Mkuu wa wizara hiyo, David Jairo, kwa taasisi zilizo chini yake, ikizitaka kila moja ichangie shilingi milioni 50 ili kufanikisha bajeti ya wizara Bungeni. Mbunge huyo alikuwa wa chama tawala. Nchi ilikuwa gizani kwa mgawo wa umeme. Na kamera zilikuwa wazi, zikirusha moja kwa moja.

Waliotazama siku ile wanakumbuka kimya kilichofuata. Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, alisimama akasema kwamba kama madaraka yangekuwa yake, angekwisha kumwachisha kazi mhusika. Bajeti ikaahirishwa. Katibu Mkuu akapewa likizo, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaagizwa kuchunguza. Mwezi Agosti Katibu Mkuu Kiongozi, Philemon Luhanjo, akatangaza kuwa hakuna kosa la kinidhamu lililoonekana, na mhusika akarudi ofisini akipokewa kwa maua na nyimbo. Wabunge wakaghadhibika, Rais Kikwete akamrudisha tena likizo, kamati teule chini ya Ramo Makani ikaundwa na kutoa taarifa yake mwezi Novemba. Hiyo nayo ni tamthilia, lakini tazameni ilivyo tofauti na ile ya kubuni. Hapakuwa na saa moja bali miezi minne. Hapakuwa na mtu aliyekamatwa mlangoni. Na mambo yote, tangu mwanzo hadi mwisho, yalitokana na kipande cha karatasi ambacho mtu fulani, mahali fulani, aliona si haki kibaki ndani ya jalada.

Huyo mtu fulani hajulikani na wananchi hadi leo, na tunadhani ni vizuri asijulikane. Katika michezo ya televisheni karani mwenye bahasha huuawa katika dakika kumi za kwanza, kwa sababu mwandishi wa mchezo hana haja naye tena. Katika nchi, huyo ndiye mtu wa kuhitajiwa kuliko wote. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ni sheria njema. Lakini mtunza stoo wa halmashauri, au mpima majani katika kituo cha kijijini, ambaye mkubwa wake ndiye anayemwandikia likizo, uhamisho na posho, hataiamini sheria kwa kuwa imechapishwa. Ataiamini siku atakapomwona mwenziwe ametoa taarifa na bado yuko kazini, mahali pale pale, cheo kile kile.

Kuhusu kamera, mambo yalikwenda vingine. Mwishoni mwa Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba Shirika la Utangazaji, TBC, halitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama ilivyokuwa, kwa maelezo kwamba gharama yake ilifika shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Baadaye picha za Bunge zilipatikana kwa njia nyingine. Sisi hatubishi kwamba fedha ni chache. Tunauliza tu gharama hiyo ilipimwa na nini. Mwezi Februari 2008, wananchi walipoisikia kwa masikio yao taarifa ya Kamati ya Mwakyembe juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, mawaziri wawili nao wakajiuzulu, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Mwaka 2014 nchi nzima ilifuata mjadala wa fedha za Akaunti ya Escrow ya Tegeta. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya matokeo ya mambo hayo mawili, na sisi tunayo yetu, kwa maana kujiuzulu si hukumu na wako walioachwa bila kusafishwa wala kushtakiwa. Lakini hakuna anayeweza kusema kwamba wananchi hawakuwa mashahidi.

Tunawasikia baadhi ya wakubwa wakisema kuwa kuyaanika mambo ya namna hii kunaichafua nchi. Hiyo ni ile hekima ya kufunika kombe mwanaharamu apite. Kwa bahati mbaya katika jambo hili kombe likifunuliwa hukutwa mwanaharamu hakupita kamwe, amekaa humo humo anakula.

Inafaa pia tukumbuke kwamba Taifa letu limejaribu ukali, tena zaidi ya mara moja. Sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963 iliweka kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24 kwa mla rushwa. Mwaka 1983 ilifanyika kampeni dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Marehemu Edward Sokoine, na bidhaa zilizofichwa zikatupwa mapangoni na baharini kwa hofu. Mwaka 1996 Tume ya Warioba ilitofautisha rushwa ya mwenye dhiki na rushwa ya mwenye tamaa, ikaeleza jinsi zote mbili zilivyoenea. Tangu 2007 Bara ina sheria mpya ya TAKUKURU, tangu 2012 Zanzibar ina mamlaka yake, na mwaka 2016 ikaundwa divisheni ya Mahakama Kuu kwa ajili ya makosa ya rushwa na uhujumu uchumi. Vyombo havikosekani. Ukali nao haukukosekana. Kilichokosekana mara nyingi ni mambo madogo yasiyopendeza kuyatazama: jalada kutokupotea, shahidi kufika siku ya kesi, hati kutafsiriwa, hesabu kuwekwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuikagua.

Na hapa tunarudi Lushoto, kwa sababu pale mjini, katika baridi ile, ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Makarani wa mahakama hufunzwa hapo, na mahakimu na majaji wapya hupelekwa hapo kunolewa. Hakuna mtunzi aliyewahi kuandika mchezo ambao shujaa wake ni karani wa masjala. Lakini muulizeni wakili yeyote aliyeona kesi kubwa ikifa, atawaambia ilivyokufa: haikufa kwa hukumu, ilikufa kwa kuahirishwa. Karani anayejua jalada liko wapi, na anayekataa chai ya kusahau liko wapi, ana kazi kubwa kuliko yule mwenye bastola. Tungependa chuo hicho kipewe uwezo unaolingana na uzito huo, na tungependa wanafunzi wake, kabla hawajaondoka kwenda vituoni, wapandishwe Bumbuli wakawasikilize wakulima wakieleza jinsi mtu anavyoweza kupoteza miaka kadhaa ya jasho lake bila kosa moja lenye jina kupatikana katika vitabu vya sheria.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama za nchi hii. Ni hatua ambayo wengi wetu tuliingoja kwa muda mrefu. Isiishie mahakamani. Kila mkataba unaoihusu mali ya umma au mali ya chama cha wakulima uandikwe kwa Kiswahili, na nakala yake iwe mahali ambapo mwenye mali anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa ya mtu ambaye mkataba wenyewe unamhusu. Hivyo hivyo kwa Baraza la Wawakilishi na kwa Bunge: kamati za hesabu za Serikali zinapowahoji wakuu wa idara, milango iwe wazi na kamera zirushe, hata kama kinachozungumzwa ni stakabadhi na vocha na hakuna atakayeburudika.

Maofisa wanaotusoma wanaweza kuona tunaomba makubwa. Basi tuombe dogo. Halmashauri ya Bumbuli na walioshika dhamana ya kiwanda cha Mponde wachukue masharti yote ambayo kiwanda hicho kinashikiliwa kwayo, pamoja na namna bei ya kilo moja ya jani inavyofikiwa, wayapige chapa kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja au miwili, na wayabandike katika kila ofisi ya kijiji kinacholima chai. Kazi hiyo haihitaji tume wala mfadhili. Inahitaji karatasi, gundi na ofisa mmoja mwenye pikipiki, naye anaweza kuimaliza kabla ya Ijumaa.